Mlima hukunjwa, safu hupinda: jinsi safu za milima zinavyopata umbo la upinde

Nguo hukunjwa, msumari hupinda. Kiswahili kimevitenga vitenzi hivi viwili, na kwa mada hii ni bahati njema, kwa sababu anayetaka kuelewa kwa nini safu nyingi kubwa za milima zina umbo la upinde hukwama pale anapovichanganya. Mkunjo wa mlima huonekana kwa pembeni: mto umekata bonde, au barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, na ukuta uliobaki unaonyesha matabaka ya mawe yakipanda, yakijigeuza na kushuka tena. Upinde wa safu huuoni ukiwa umesimama hapo. Huo ni wa kutazamwa kutoka juu, kwenye ramani au picha ya setilaiti, na huhitaji mamia ya kilomita kujionyesha.

Himalaya ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Kutoka Nanga Parbat nchini Pakistan hadi Namcha Barwa upande wa Tibet ni kama kilomita 2,400, na mstari wake unakaribia sana kipande cha duara, kiasi kwamba ungeweza kuuchora kwa bikari. Karpati zimeizunguka tambarare ya Hungaria kama mkono uliokumbatia. Jura, kati ya Uswisi na Ufaransa, ni hilali. Kusini kabisa mwa Afrika, milima ya Cederberg inakwenda kaskazini na kusini, ile ya Swartberg mashariki na magharibi, na mikono hiyo miwili inakutana karibu kwa pembe mraba. Na kaskazini mwa Hispania, katika eneo la Asturias, safu ya kale inageuka karibu nyuzi 180. Wanajiolojia wa huko wameiita goti la Asturias, na ukiiona kwenye ramani huwezi kuwalaumu.

Swali lenyewe ni fupi: safu hizi zilizaliwa zimepinda, au zilizaliwa zimenyooka zikapindwa baadaye? Kulijibu kunadai kwanza tujue mlima unakunjwaje, maana ushahidi wote wa upinde umefichwa ndani ya mikunjo.

Jiwe gumu linavyokunjika

Piga jiwe la chokaa kwa nyundo, litapasuka. Hata hivyo matabaka ya chokaa hiyohiyo, yenye unene wa mita kadhaa, hukutwa milimani yamejikunja kama blanketi lililosukumiwa ukutani, bila hata kukatika. Mtu akiona hivyo hudhani jiwe lilikunjwa likiwa bado tope laini. Mara chache ni kweli. Mara nyingi lilikuwa jiwe kamili, tena gumu.

Kinachobadilika ni mazingira. Ukishuka ndani ya ganda la dunia, joto huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 hivi kwa kila kilomita. Kwenye kina cha kilomita 10 hadi 15 joto linapita nyuzi 300, na hapo hata kwatzi, madini ambayo juu ya ardhi hukwaruza kioo, huanza kutiririka bila kuyeyuka: fuwele zake huteleza safu juu ya safu, polepole mno. Chokaa huwa haisubiri hata joto hilo. Na pale ambapo joto halitoshi, maji hufanya kazi. Punje mbili zinapogandamizana, zile ncha zinazogusana huyeyuka kidogo kidogo ndani ya maji yaliyomo kwenye jiwe, na kilichoyeyuka huenda kuganda pale penye nafasi. Ile mistari myeupe inayokatiza mawe ya chokaa ya milimani ni hiyo: kalsiti, yaani madini yanayounda chokaa, iliyohamishwa kutoka penye shinikizo ikajaza mianya.

Halafu kuna muda. Mabamba makubwa yanayolibeba ganda la dunia husogea sentimita chache kwa mwaka. Upande wa Himalaya, ardhi inajifupisha kwa takriban sentimita 2 kila mwaka, polepole kuliko ukucha unavyoota. Kwa miaka milioni moja hizo ni kilomita 20.

Kitu cha mwisho, ambacho watu wengi hukiruka, ni kwamba mawe haya yamepangwa matabaka. Chukua daftari nene, lishike ncha mbili, ulisukume ili lijikunje katikati. Linakubali kwa urahisi kwa sababu kurasa zinateleza zenyewe kwa zenyewe. Tazama ukingo wake, ule uliokuwa umenyooka sasa umelala mshazari. Paka gundi kila ukurasa kisha ujaribu tena: umepata ubao. Mlimani, kurasa ni matabaka ya chokaa au jiwe la mchanga, na kinacholainisha ni utando mwembamba wa udongo uliogandamana katikati yao. Ndiyo maana ukifika kwenye ukuta wenye mikunjo ningekushauri usiukodolee macho mkunjo tu. Tafuta mahali tabaka limebanduka ukaona uso wake. Mara nyingi utakuta michirizi myembamba ya kalsiti, kama nywele zilizochanwa, yote ikielekea upande mmoja. Ni alama ya ukurasa ulivyoteleza juu ya mwenzake, nayo hukuonyesha msukumo ulikotokea.

Mtu wa kwanza kuiga mambo haya kwa mikono yake alikuwa Sir James Hall wa Uskoti, aliyechapisha kazi yake mwaka 1815. Alipanga vipande vya nguo, akavilaza chini ya mlango uliotiwa uzito wa mawe, kisha akavisukuma kutoka pembeni. Nguo zikajikunja kama miamba ya pwani aliyokuwa akijaribu kuielewa. Jaribio la kitoto ukiliangalia, lakini lilithibitisha jambo ambalo wakati huo halikuwa dhahiri: mikunjo haihitaji kusukumwa kutoka chini. Msukumo wa pembeni, pamoja na uzito wa juu, unatosha.

Mkunjo una mgongo, pale matabaka yanapopanda kama paa la nyumba, na una bakuli, pale yanapodidimia. Usitegemee mgongo uwe kilele na bakuli liwe bonde. Tabaka la juu la mgongo huvutwa, hupata nyufa, mvua na barafu hupenya, na kabla ya miaka mingi ya kijiolojia kupita mgongo umeliwa. Bakuli limebanwa, limeshikamana, linabaki. Vilele vingi vya milima ya mikunjo ni mabakuli yaliyoning'inia juu.

Penye kuvunjika

Jiwe likiwa na baridi, au likisukumwa haraka kuliko linavyoweza kutiririka, huvunjika. Ufa wa kijiolojia si mpasuko tu kama wa ukutani. Ni mpasuko ambao pande zake mbili zimehama. Ardhi ikivutwa, upande mmoja huporomoka. Ikisukumwa, upande mmoja hupandishwa juu ya mwingine. Na kuna nyufa ambazo pande zake hupishana kwa mlalo, kama magari mawili barabarani. Kwenye milima ya mikunjo, zile za kupandisha ndizo zinazotawala, na zilizo muhimu zaidi ni zile zilizolala karibu kabisa na usawa, zikibeba shuka kubwa za mwamba kuvuka kilomita nyingi.

Ushahidi mzuri kuliko wote uko Glarus, mashariki mwa Uswisi. Kwenye kuta za milima huko kuna mstari mmoja uliochorwa kama kwa rula. Juu ya mstari kuna mawe yenye umri wa miaka milioni 250 hadi 300. Chini yake kuna mawe yenye umri wa miaka milioni 35 hadi 50. Babu amekaa juu ya kichwa cha mjukuu. Kwa miaka mingi wataalamu wa Uswisi walijikaza kulieleza jambo hilo kwa mikunjo miwili mikubwa iliyotazamana, mpaka mwaka 1884 Mfaransa Marcel Bertrand aliposema kwamba ni shuka moja tu iliyosukumwa juu ya ufa mmoja. Bertrand alisoma maelezo ya wenzake akiwa mbali na milima yenyewe. Wakati mwingine aliye mbali huona vizuri zaidi. Shuka hiyo ilisafiri zaidi ya kilomita 30, na tangu mwaka 2008 eneo hilo ni urithi wa dunia wa UNESCO.

Hapo likazuka tatizo la hesabu. Shuka ya mwamba yenye unene wa kilomita kadhaa na urefu wa makumi ya kilomita, ukiisukuma kutoka nyuma, inapaswa kupondeka kabla haijasogea, kwa sababu msuguano wa chini ni mkubwa kuliko nguvu ya jiwe lenyewe. Mwaka 1959 M. King Hubbert na William Rubey walitoa jibu: maji. Maji yaliyonaswa ndani ya mawe yakishindwa kutoroka, shinikizo lake hubeba sehemu kubwa ya uzito wa shuka iliyo juu, na msuguano unapungua. Walilionyesha hilo kwa kopo tupu la bia lililopozwa, likawekwa kichwa chini juu ya kioo kilicholowa. Hewa iliyomo ikipata joto inatanuka, inaliinua kopo kwa unywele tu, na kopo linateleza lenyewe kwenye mteremko mdogo mno. Mbali na maji kuna chumvi, ambayo chini ya uzito wa kilomita chache za mwamba hutiririka kama asali nzito. Chumvi ikumbuke, tutairudia.

Vitabu vingi hufundisha mikunjo katika sura moja na nyufa katika sura nyingine, na nadhani hapo ndipo wasomaji wanapopotea. Milimani vitu hivi havitengani. Ufa husafiri ndani ya tabaka laini hadi unapokwama, unapanda kwa mshazari kukata tabaka gumu, kisha unalala tena ndani ya tabaka laini lililo juu zaidi. Una umbo la kidato cha ngazi. Shuka ya mwamba inayoburutwa juu ya kidato hicho lazima ijikunje, kama godoro linalopandishwa ngazini. Kwa hiyo mikunjo mingi unayoiona juu ni kivuli cha ufa usiouona chini.

Ziunganishe shuka hizi kadhaa, moja mbele ya nyingine, unapata kabari. Fikiria greda linalosukuma mchanga: mchanga unajikusanya mbele ya bapa lake, unainuka hadi mteremko fulani, kisha badala ya kuendelea kuinuka unasogea mbele mzimamzima, ukikusanya mchanga mpya mguuni pake. Mwaka 1983 Dan Davis, John Suppe na Tony Dahlen waliiwekea hali hiyo hesabu, na milima ya Taiwan ikawa mfano wao. Cha kushika ni hiki: sakafu ikiwa na msuguano mkubwa, kabari huwa fupi na ndefu kwenda juu, sakafu ikiteleza, kabari huwa tambarare na hufika mbali sana.

Upinde unapoanzia

Sasa fikiria sakafu ambayo haifanani kila mahali. Katikati inateleza, kwenye ncha mbili inakwaruza. Msukumo ni uleule, lakini sehemu ya kati itafika mbali na ncha zitabaki nyuma. Safu imepinda bila mtu yeyote kuipinda.

Hiyo ndiyo hadithi ya Jura. Chini ya mawe yake ya chokaa kuna matabaka ya chumvi, jasi na udongo yenye umri unaozidi miaka milioni 200. Miaka milioni 10 hivi iliyopita, msukumo wa Alpi ulilisogeza kaskazini-magharibi eneo lote lililopo kati ya Alpi na Jura, eneo ambalo leo lina ardhi ya kawaida ya vilima na maziwa, likateleza kama trei kwenye meza yenye mafuta. Lenyewe halikukunjika sana. Mikunjo ilitokea mbele yake, ukingoni. Mwanzoni mwa karne ya 20 August Buxtorf, akichunguza mahandaki ya reli yaliyotobolewa kwenye Jura, aligundua kwamba ndani ya mikunjo yote hakukuwa na jiwe lolote lililo chini ya lile tabaka la chumvi. Kama milima ingekuwa imesukumwa kutoka chini, mawe ya chini yangekuwa yamepanda nayo. Hayakupanda. Ganda la juu lilikuwa limebanduka.

Katikati ya hilali hiyo ardhi imejifupisha kwa takriban kilomita 30. Ukienda mashariki mikunjo inapungua mmoja baada ya mwingine, hadi karibu na Zürich unabaki mmoja tu, mgongo mwembamba uitwao Lägern, nao unazama ardhini na hapo Jura imekwisha. Kuna alama nyingine ninayoipenda zaidi. Safu inayosonga mbele huku ikitanuka kuwa hilali lazima irefuke, kwa kuwa ukingo wa nje wa upinde ni mrefu kuliko wa ndani. Jiwe halina mpira ndani yake, kwa hiyo linachanika. Jura imekatwa na nyufa za kupishana kwa mlalo, maarufu ukiwa ule unaopita Vallorbe na Pontarlier, na nyufa hizo zimetawanyika kama vidole vya kiganja kilichofunguliwa. Kwenye picha ya setilaiti utaona mgongo wa mlima unakwenda vizuri, unakatika ghafla, na nusu yake ya pili inaanza kilomita kadhaa pembeni.

Kaskazini mwa Pakistan ni vilevile, ila kwa kiwango kikubwa zaidi. Chumvi inayochimbwa Khewra, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500, ndiyo iliyouruhusu ukingo wa milima kutambaa mbali kuelekea kusini juu ya uwanda wa Potwar bila kuinuka sana.

Sababu nyingine nyingi zinaelezeka kwa haraka. Bara linapogongana na bara, ukingo wake huwa haujanyooka; una rasi na ghuba tangu siku lilipopasuka kutoka kwa mwenzake, na milima hufuata umbo hilo. Mipinde mingi ya Appalachia nchini Marekani inaelezwa hivyo. Wakati mwingine kinachosukuma ni kipande chenye pembe, na milima hujifunga kukizunguka, kama Alpi za magharibi zinavyoizunguka ncha ya kaskazini ya lile bamba dogo lililoibeba Italia.

Karpati zinastahili maneno zaidi, kwa sababu huko hakuna aliyesukuma kwa nguvu. Kulikuwa na ghuba ya bahari, na sakafu yake, nzito na baridi, ilikuwa inazama chini ya ardhi ya jirani. Sakafu ya namna hiyo haizami kwa mshazari tu. Huanguka kwa uzito wake, na mstari inapozamia hurudi nyuma. Ardhi iliyo juu yake hulazimika kuufuata ili isiache pengo. Hivyo ikavutwa mashariki ikaingia ndani ya ghuba, ikijaza umbo lake. Mbele, mikunjo na nyufa za kupandisha. Nyuma, ardhi iliyotandazwa hadi ikawa nyembamba, ndiyo tambarare ya Hungaria yenye chemchemi zake za maji moto. Mabaki ya sakafu ile bado yananing'inia karibu wima chini ya Vrancea, kwenye kona ya safu nchini Romania, na ndiyo sababu mitetemeko ya huko hutokea kwenye kina cha kilomita 70 hadi 180, ajabu kabisa kwa eneo lililo mbali na bahari. Ule wa tarehe 4 Machi 1977 uliua watu zaidi ya 1,500, wengi wao mjini Bucharest. Upinde wa Gibraltar, unaoiunganisha milima ya Betic ya Hispania na Rif ya Moroko kuvuka mlango wa bahari wa kilomita 14, wataalamu wengi wanauelezea kwa njia hiyohiyo.

Na Himalaya? Hapa kuna kitu kinachowachanganya wengi. India inasukuma kuelekea kaskazini. Ungetarajia tumbo la upinde litokeze kaskazini, upande wa anayesukumwa. Limetokeza kusini, kumwelekea msukumaji. Sehemu ya jibu ni kwamba bara la India halikuibonyeza tu Asia, liliingia chini yake, na Tibet iliyonenepa juu imekuwa ikitambaa kurudi kusini juu ya mgongo wa India. Katikati inatambaa kwa uhuru, kwenye kona mbili imebanwa. Sehemu nyingine ni jiometria: F. C. Frank alionyesha mwaka 1968 kwamba ukiubonyeza mpira mwembamba bila kuutoboa, ukingo wa kile kibonyeo ni duara, na bamba linalozama ndani ya dunia iliyo mviringo hujikuta katika hali hiyo. Kwenye kona zenyewe mambo ni makali. Nanga Parbat ina mita 8,126 na Namcha Barwa mita 7,782, na kila mmoja umezungukwa na mto mkubwa unaojipinda ghafla, Indus upande huu na Yarlung Tsangpo upande ule, mito inayochimba haraka huku mlima ukipanda kuziba pengo.

Kumuuliza jiwe alikokuwa anatazama

Mpaka hapa nimezungumzia pinde zilizozaliwa au kukua zikiwa pinde. Mwaka 1955 Warren Carey, mwanajiolojia wa Tasmania, alidai kwamba baadhi ya safu zilikuwa zimenyooka kabisa kisha zikapindwa, na akaziita kwa jina lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki ya mlima na kupinda: oroklini. Carey huyohuyo aliamini pia kwamba dunia inavimba mwaka hadi mwaka, jambo alilokosea, na kosa hilo halikulisaidia wazo lake zuri kusikilizwa.

Mwamuzi akawa sumaku. Mawe mengi yana punje ndogo za magnetiti au hematiti, madini ya chuma yanayoshika sumaku. Lava ikipoa, magnetiti inaposhuka chini ya nyuzi 580 hivi hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia wa siku ile na kubaki nao. Kwenye mawe yaliyotokana na tope, punje hujipanga zinapotua. Jiwe likizungushwa baadaye, dira iliyo ndani yake huzunguka nalo na kuelekea pasipo sahihi.

Kuisoma ni kazi ya subira. Unakwenda na mashine ya kuchoronga ya mkononi yenye meno ya almasi, maji yakiipoza, unatoa kipande cha mviringo chenye kipenyo cha sentimita 2.5. Kabla hujakivunja kutoka kwenye mwamba unakiwekea alama ya mwelekeo, na kwa kuwa mwamba wenye sumaku huweza kuidanganya dira yako, unapima pia kwa kivuli cha jua. Maabara, kipande kinapashwa joto hatua kwa hatua ndani ya tanuri lililozuiwa sumaku ya dunia isipenye. Sumaku dhaifu iliyojipachika juzi hutoka kwanza, kama maganda ya kitunguu, hadi unapoifikia ile ya kale.

Baada ya hapo mpangilio wa kazi ndio unaoamua kila kitu. Kwanza unakunjua mkunjo: unayarudisha matabaka kwenye ulalo kwa hesabu. Ndipo unauliza upinde. Unachora grafu yenye vipimo viwili, mwelekeo wa safu mahali ulipochukua jiwe na mwelekeo wa sumaku ya jiwe. Safu ikiwa imegeuka nyuzi 90 kutoka mkono mmoja hadi mwingine na sumaku haikugeuka hata kidogo, upinde ni wa kuzaliwa. Sumaku ikiwa imegeuka nyuzi 90 vilevile, safu ilikuwa imenyooka. Ikigeuka nusu, ilikuwa ikipinda huku ikijengwa, na safu nyingi za kweli huangukia hapo.

Asturias haikuangukia hapo. Sumaku ya mawe yake imezunguka karibu sawasawa na milima. Kuna ugumu mmoja: mengi ya mawe hayo ya chokaa yalifutiwa sumaku yao ya kwanza na kupewa nyingine wakati milima ikijengwa. Ugumu huo uligeuka kuwa msaada, kwa kuwa sumaku hiyo mpya ina tarehe. Iliyowekwa miaka milioni 310 hivi iliyopita imezunguka na goti zima; mawe ya miaka milioni 295 hivi hayakuzunguka. Safu iliyokuwa karibu imenyooka ikapindwa kuwa goti ndani ya takriban miaka milioni 15. Ndani ya goti, mahali palipobanwa, mikunjo ya zamani ilikunjwa tena kwa mwelekeo mwingine, na mikunjo mipya imetoka katikati kama miali. Upinde mpana wa nje ulienda hadi Brittany nchini Ufaransa, kabla Ghuba ya Biscay haijafunguka na kuukata.

Andes ndizo zinazoleta ubishi leo. Mbele ya Arica, mpakani mwa Chile na Peru, pwani na milima hujipinda kwa pamoja, na nyuma yake uko Altiplano, uwanda ulio kwenye mita 3,800 hivi, uliojengwa huku bamba la Nazca likiendelea kuzama chini ya Amerika Kusini. Mwaka 1988 Bryan Isacks alipendekeza kwamba ardhi ya mashariki mwa uwanda huo ilijifupisha zaidi katikati, Bolivia, kuliko kwenye ncha. Kama ni hivyo, pwani ya kati ilisogea ndani ya bara na mikono miwili ikazunguka: wa Peru kinyume cha mwendo wa saa, wa Chile kufuata mwendo wa saa. Sumaku imekubali mwelekeo wa mikono yote miwili. Imekataa kiasi. Mawe ya karibu na pwani mara nyingi yamezunguka zaidi kuliko ufupishaji wa Bolivia peke yake ungeweza kuyazungusha, kwa sababu nyufa za kupishana zimeikata ardhi hiyo vipande vipande, na kila kipande kina mzunguko wake binafsi juu ya ule wa mkono mzima. Anayechoronga jiwe huko anapata namba moja yenye mizunguko miwili ndani yake, na njia pekee ya kuitenganisha ni kuchoronga kipande cha jirani, upande wa pili wa ufa.